Trekta la zamani lisilo na kibao: Soma chuma kabla ya kutoa fedha

KWA mkulima wa kawaida na kwa mfanyabiashara anayelimia wenzake kwa malipo, trekta jipya bado ni ndoto. Ndiyo maana matrekta ya zamani, hasa Massey Ferguson na Ford, yanaendelea kupita mkono hadi mkono. Ni mavumilivu, mafundi wanayajua na spea zake zinapatikana hata katika miji midogo.

Tatizo ni kwamba mengi yamepoteza kibao cha utambulisho, yaani kile kipande kidogo cha bati kinachoonyesha aina ya trekta na namba yake. Kwenye Massey Ferguson 135, kwa mfano, kibao hicho hufungwa kwenye dashibodi. Dashibodi ikioza au ikibadilishwa, kibao nacho huondoka. Vingine vilipakwa rangi hadi maandishi yakafutika. Na vingine, tusifichane, viling'olewa makusudi.

Muuzaji atakwambia, "Hili ni 135, la mwaka 75." Huenda anasema kweli, huenda anarudia tu alichoambiwa na aliyemuuzia. Kazi ya kuhakikisha ni ya mnunuzi, na inawezekana kuifanya kwa brashi ya waya, dizeli kidogo, kalamu na karatasi.

Hasara iko wapi?

Wapo wanaodhani kujua aina na mwaka ni mambo ya makaratasi tu. Sivyo. Massey Ferguson 135 liliuzwa likiwa na klachi moja au klachi ya hatua mbili, ambayo hatua ya kwanza husimamisha trekta na ya pili husimamisha shafti ya nyuma inayozungusha zana. Mtu anayekwenda mjini na kuomba "klachi ya 135" bila maelezo zaidi anaweza kurudi na kifaa kisichoingia.

Tuchukue mfano. Tuseme unalima ekari 8 kwa siku kwa Sh50,000 kila ekari. Trekta likilala siku moja katikati ya msimu unakosa Sh400,000, kabla ya kutoa gharama za dizeli na dereva. Ukisafiri kurudisha spea isiyo yake na kusubiri nyingine kwa siku tano, Sh2 milioni zimekupita. Wateja wako hawatakusubiri, kwa sababu mvua nayo haiwasubiri wao.

Boneti si ushahidi

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuamini boneti. Kweli, Massey Ferguson 35, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, lina boneti ya mviringo, na 135 lililofuata lina boneti yenye pembe. Lakini boneti hufungwa kwa bolti chache na huuzwa kama spea. Rangi na stika ni rahisi zaidi. Trekta linaweza kuvishwa sura yoyote kwa siku moja.

Anza na vitu vizito ambavyo havibadilishwi ovyo: bloku ya injini, giaboksi na difu. Kumbuka kwamba matrekta mengi ya aina hii hayana chesisi kama lori. Injini, giaboksi na difu vimefungwa kimoja nyuma ya kingine na ndivyo vinavyobeba trekta lote. Kile ambacho kadi inakiita namba ya chesisi kwa kawaida ni namba ya trekta lenyewe iliyokuwa kwenye kibao.

Safisha matope na grisi kwa dizeli na brashi ya waya. Usitumie grinda wala tupa. Namba nyingine zimegongwa juu juu, na ukizisugua umejifutia ushahidi mwenyewe.

Namba zilizovimba na zilizogongwa

Utakutana na namba za aina mbili, na hapa ndipo wengi huchanganya. Namba zilizovimba zilitoka na chuma chenyewe kilipomiminwa kiwandani. Hizo ni namba za kifaa, na maelfu ya matrekta yanazo zilezile. Namba zilizogongwa kwa kuingia ndani ya chuma ndizo kwa kawaida zinazotofautisha injini au trekta moja na jingine.

Ukiandika kwenye mkataba namba iliyovimba ukidhani ni ya chesisi, umeandika namba ambayo hata trekta la jirani yako linaweza kuwa nayo.

Injini ya Perkins inasemaje?

Massey Ferguson mengi yana injini za Perkins za Peterborough, Uingereza, kampuni iliyonunuliwa na Massey Ferguson mwaka 1959. Majina ya injini hizo yanajieleza. Perkins 3.152 ina silinda tatu na ukubwa wa inchi za ujazo 152, karibu lita mbili na nusu. 4.236 ina silinda nne na inchi za ujazo 236. Kama huna uhakika wa idadi ya silinda, hesabu mabomba membamba yanayotoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye nozeli.

Namba ya injini hugongwa kwenye sehemu iliyosawazishwa ya bloku. Kuanzia mwaka 1974 Perkins walitumia mpangilio unaoanza na herufi mbili za familia ya injini. LD, kwa mfano, ni 4.236. Katikati kuna herufi ya nchi ilikotengenezwa, U ikiwa Uingereza, kisha namba ya injini yenyewe, na mwishoni herufi ya mwaka: A ni 1974, B ni 1975, C ni 1976 na kuendelea.

Hata hivyo, injini peke yake haitoshi. Injini ya familia ya 3.152 imo kwenye 35, kwenye 135 na kwenye 240. Pia kuna matrekta yaliyotengenezwa kwa leseni nje ya Uingereza: IMT ya Yugoslavia, Ursus ya Poland, Millat ya Pakistan na TAFE ya India. Mengine yanafanana na Massey Ferguson ya Coventry kiasi cha kumchanganya hata fundi. Na injini inaweza kuwa imehamishwa kutoka trekta jingine.

Ford ni rahisi zaidi

Mwenye Ford ana nafuu. Kwenye matrekta ya kuanzia mwaka 1965, kama 3000, 4000 na 5000, kiwanda kiligonga alama kwenye chuma cha giaboksi yenyewe: namba ya modeli, namba ya trekta na alama ya tarehe.

Alama ya tarehe husomwa hivi. Ukikuta 8C15B, tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, herufi inayofuata ni mwezi (A Januari, B Februari, C Machi), kisha tarehe, na mwishoni zamu ya kazi. Hiyo ni tarehe 15 Machi ya mwaka unaoishia na 8. Lakini ni 1968, 1978 au 1988?

Jibu liko kwenye zile namba zilizovimba. Namba za vifaa vya Ford huanza na herufi ya muongo: C ni miaka ya 1960, D miaka ya 1970, E miaka ya 1980. Kifaa chenye C5NN kilibuniwa mwaka 1965, na D8NN mwaka 1978. Kifaa cha muundo wa 1965 kiliweza kuendelea kutumika miaka mingi baadaye, lakini cha 1978 hakiwezi kuwa kilifungwa kiwandani mwaka 1968. Kwa hiyo tafuta herufi mpya kuliko zote kwenye vyuma vizito; hiyo ndiyo inayoamua muongo.

Linganisha, usikimbilie

Baada ya kusoma namba, panda juu ya kiti. Hesabu gia. Massey Ferguson 35 lina gia sita za mbele na mbili za nyuma, wakati 240 lina nane za mbele na mbili za nyuma. Angalia ekseli ya mbele kama imenyooka au imepinda. Andika yote, piga picha, kisha uliza: je, alama hizi zinakubaliana?

Zikikubaliana, una jibu. Zikigongana, una trekta lililounganishwa kutoka mawili au matatu. Hilo si lazima liwe baya, lakini spea zake utanunua kwa kila sehemu peke yake, na bei lazima ishuke.

Jambo moja lisilojadiliwa: ukiona sehemu ya namba imesagwa, imechomelewa au namba zake zimepinda na hazilingani kwa ukubwa, acha. Hiyo ni dalili ya mali ya wizi. Wala usikubali fundi akugongee namba mpya ili "kulinyoosha".

Bei ifuate ushahidi

Kabla ya kulipa, linganisha namba ulizosoma na kadi ya usajili, hakikisha TRA kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, na omba trafiki wakague trekta. Kisha pima hivi. Kama kadi, injini na giaboksi vinakubaliana, lipa bei ya soko. Kama kadi ipo lakini injini imebadilishwa, dai risiti ya injini hiyo, rekebisha usajili na toa gharama hiyo kwenye bei. Kama hakuna kadi wala namba inayosomeka, hata liwe linawaka kwa mguso mmoja, huwezi kulikatia bima, kuliwekea rehani benki wala kulitetea mbele ya polisi. Anayekuuzia trekta la namna hiyo kwa bei ya trekta kamili anakuuzia mzigo wa vyuma, na kesi juu yake.