Je, Wajua? Joto Lisiloonekana

Mchonga vinyago wa Wamunyu, Kenya, anayeota moto wa maranda alfajiri anapokea miale ya infraredi, ileile inayouzwa ghali kwenye sauna za mjini. William Herschel aliigundua mwaka 1800. Kwa kuwa hupasha mwili moja kwa moja, chumba cha sauna hizo huhitaji nyuzi 45 hadi 60 tu. Sauna ya Kifini hupita 80. Japani, madaktari waliwakalisha wagonjwa wa moyo kwenye sauna ya infraredi ya nyuzi 60 kwa dakika 15, kisha wakawafunika blanketi nusu saa: mishipa ikatanuka, damu ikapita vyema. Lakini kutoa sumu kwa jasho? Porojo. Jasho kwa sehemu kubwa ni maji na munyu. Sumu ni kazi ya ini na figo.