Ndugu Mlemavu Aliyeko Marekani: Maneno Tunayosikia na Ukweli Wake



Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Dzaleka alitufikia na simu mkononi. Mdogo wake alihamishiwa Marekani akiwa na kijana wake wa miaka 20, ambaye hawezi kutembea wala kujilisha. "Wamemkatalia," mama akasema. "Eti kijana si mlemavu. Barua mdogo wangu ameitupa, ya nini tena?"

Tukamuuliza, barua ilifika lini? Akahesabu kwa vidole: miezi minne. Tukanyamaza kidogo, maana ile barua haikuwa mwisho. Ilikuwa na nafasi ya kujibu, na siku za kujibu zilikuwa zimekwisha.

Tangu Januari 2025 safari za wakimbizi kwenda Marekani zimesimama kwa wengi wetu. Lakini ndugu waliotangulia wako kule, na shida ikiwapata wanatupigia sisi huku. Tena ushauri tunaowapa mara nyingi ni wa kusikia tu bombani. Basi leo tuyaangalie maneno hayo moja moja.

"Mlemavu akifika tu, serikali inamlipa."

Hapana. Lazima aombe katika ofisi ya Social Security, na jibu la kwanza huchukua miezi sita hadi minane. Msaada wenyewe unaitwa SSI. Ulianza kulipwa mwaka 1974, kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, wasioona, na walemavu wasio na kipato cha kutosha. Kwa mtu mzima, swali lao kubwa si jina la ugonjwa. Wanauliza: hali hii inamzuia kufanya kazi ya kumpatia riziki? Na itadumu miezi 12 au zaidi? Kwa mtoto chini ya miaka 18 wanaangalia jinsi ulemavu unavyomzuia kufanya mambo ya watoto wa umri wake, na wanahesabu pia kipato cha wazazi. Kwa hiyo mtu mwenye mguu mmoja anayeweza kazi ya kukaa anaweza kukataliwa, na ofisi haijamwonea.

"Hajawahi kufanya kazi kule, hana haki."

Hapa watu wanachanganya vitu viwili. Iko malipo ya waliofanya kazi wakakatwa kodi ya Social Security, halafu wakapata ulemavu. SSI ni kitu kingine, haiulizi miaka ya kazi. Inauliza unacho nini. Mtu mmoja asiwe na akiba au mali inayozidi dola 2,000, lakini nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja, na kinapungua kama ana kipato kingine.

"Hajui Kiingereza, itabidi alipe mtu wa kumjazia."

Kuomba ni bure, na ofisi inatoa mkalimani bure, hata wa Kiswahili. Aseme tu lugha yake. Mwanasheria wa kesi hizi kwa kawaida analipwa pale tu unaposhinda, na malipo yake yanatoka kwenye malimbikizo. Mtu anayedai hela mkononi ili "apitishe" jina, huyo ni mwizi, hata kama ni wa kabila lako.

"Wakikatalia, imekwisha."

Neno hili ndilo linaloumiza watu wengi. Zaidi ya nusu ya maombi hukataliwa mara ya kwanza. Lakini sheria inampa mtu siku 60 tangu apokee barua ili akate rufaa. Kwanza faili linasomwa upya na mtu mwingine. Wakikataa tena, anaomba kusikilizwa mbele ya jaji, na hapo anaeleza kwa mdomo wake. Juu ya jaji kuna baraza la rufaa, halafu mahakama.

Mara nyingi mtu anakataliwa kwa sababu karatasi hazitoshi, au hakwenda kwa daktari aliyepangiwa na ofisi. Daktari huyo analipwa na serikali, si na mgonjwa. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Barua ya daktari ilifika, mama hakuielewa, siku ikapita.

Tena kuna jambo la hela. Anayeshinda rufaa anahesabiwa kutoka ombi lake la kwanza. Anayeacha akaja kuomba upya anaanza sifuri, miezi ya nyuma inapotea. Aliyechelewa kwa sababu ya kweli, mfano alikuwa amelazwa hospitali, aiandike sababu hiyo na kuomba rufaa yake ipokelewe.

"Akishapata ni ya maisha."

Kwa mkimbizi ni miaka saba tangu alipopokelewa nchini. Ikiisha kabla hajawa raia, wengi wanakatwa. Kuomba uraia kunaruhusiwa baada ya miaka mitano, basi asingoje. Ambaye ulemavu wake unamzuia kujifunza Kiingereza na historia, daktari anaweza kumjazia fomu N-648 ili asamehewe mtihani.

"Akipata, aje akae nasi miezi mitatu."

Tunawapenda, lakini tusiwaharibie. Akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, malipo yanasimama, na hayarudi mpaka akae tena ndani siku 30 mfululizo. Na hela ile ni ya nyumba yake na chakula chake. Tusimpigie kila wiki kana kwamba ameokota dhahabu.

"Tuufiche ulemavu, wasije wakatunyima safari."

Hili ni letu sisi wa kambini, kwa nchi yoyote itakayotuita. Kwa safari za Marekani, ulemavu peke yake haumfungii mtu njia. Daktari wa safari anatafuta hasa magonjwa ya kuambukiza kama kifua kikuu. Ukimficha mtoto leo, karatasi zitasema ni mzima, na kesho utawaeleza nini?

Tukarudi kwa yule mama. Tulimwambia afungue sanduku ambalo mdogo wake alimwachia. Chini ya vitenge kulikuwa na vitabu vya hospitali vya kijana, tangu akiwa na miaka sita, vyenye mihuri na tarehe. Tulipiga picha kila ukurasa tukatuma kwa WhatsApp, na vitabu vyenyewe mama amevihifadhi. Mdogo wake ameomba upya, safari hii na mkalimani. Miezi ya nyuma imepotea, na jibu bado.

Basi, wazazi, jioni ya leo tazameni kwenye masanduku. Karatasi ya hospitali ya ndugu aliyesafiri msiwashie moto. Na akipiga simu kusema wamemkatalia, kabla ya kumpa pole muulizeni: barua imeandikwa tarehe ngapi?