Pale Ofisi Inaposema "Mtandao Haupo"

Mtu huondoka Salia Musala alfajiri kwa bodaboda, akafika mjini Koboko kutafuta ripoti ya polisi ya kupotelewa na kitambulisho cha taifa, ili aipeleke NIRA. Akiwa wa tatu kwenye foleni, huambiwa: "Mtandao haupo, rudi kesho." Kesho hiyo ina nauli yake. Yapo pia manung'uniko, nasi hatuyapuuzi, kwamba maneno hayo husemwa ili mwananchi atoe chochote mfukoni. Kwa hiyo tumeona tueleze kinachotokea hasa, kwa kuwa si mara chache mtandao huwa mzima kabisa, ila kompyuta ya ofisi ndiyo haikupewa anwani.

Kila kompyuta iliyo katika mtandao wa ofisi sharti iwe na anwani, yaani nambari isiyofanana na ya nyingine yoyote humo, ili ujumbe wake usiende kwa jirani. Zamani fundi aliziandika nambari hizo kwa mkono, kompyuta moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 zilitangazwa kanuni za kuzigawa bila mkono wa mtu, kwa utaratibu uitwao kwa kifupi DHCP. Mfano wake ni mgeni aingiaye kijijini asiyejua nyumba ya mwenyekiti wa LC1. Huuliza kwa sauti, mwenyekiti hujitokeza na kumwonyesha mahali pa kukaa, mgeni hukubali, mwenyekiti huandika daftarini. Kompyuta nayo hupita hatua hizo hizo nne kwa kufumba na kufumbua. Katika ofisi ndogo mwenyekiti huyo ni ruta, kile kisanduku chenye taa zinazomweka. Nambari yenyewe hutolewa kwa muda, kama chumba cha kupanga: muda ukiisha bila kuhuishwa, hupewa mwingine.

Asipopatikana wa kujibu, kompyuta yenye Windows hujipa yenyewe nambari inayoanza na 169.254. Ofisa yeyote aweza kuitazama chini ya dakika moja, wala hahitaji kuwa fundi. Hubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, huandika cmd, na katika dirisha jeusi litakalofunguka huandika ipconfig. Akiiona 169.254, asiilaumu kwanza kampuni ya intaneti iliyo mbali, kwani hitilafu imo humo humo jengoni. Akiiona nambari ya kawaida ya ofisi yake, aghalabu anwani imepatikana na kasoro itafutwe kwingine.

Huku kwetu chanzo tunachokishuku kabla ya vingine ni umeme. Nile Magharibi iliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na hata leo ofisi nyingi hutegemea sola au jenereta. Umeme unaporudi, kompyuta na ruta huwaka pamoja, lakini ruta yaweza kuchelewa kuwa tayari. Kompyuta huita, haijibiwi, hujipa 169.254. Huendelea kuita tena kila baada ya dakika tano hivi, lakini wakati huo ofisa amekwisha kutangaza kuwa mtandao haupo na watu wameanza kutawanyika. Inatosha kuiwasha ruta kwanza, kungoja dakika mbili, kisha kuwasha kompyuta. Kama zimekwisha kuwaka, aandike ipconfig /release, kisha ipconfig /renew, nayo kompyuta itaomba upya.

Isipofaa, atazame kompyuta ya pili. Ikiwa moja tu ndiyo iliyokwama, akague kebo yake na taa ya tundu ilimochomekwa. Panya hawabagui kebo ya serikali. Zikikwama zote, aelekee kwenye ruta au swichi.

Kuna ofisi moja, tusiyoitaja, iliyotuhangaisha wiki nzima. Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Ikifika saa tano kompyuta zilizowashwa kwa kuchelewa zilikosa anwani. Tulibadilisha kebo, tukaizima ruta na kuiwasha, bure. Mwishowe tukafungua orodha ya anwani zilizogawiwa tukakuta zimejaa simu. Nywila ya Wi-Fi ilikuwa imebandikwa ukutani, na kila aliyepita pale aliunganisha simu yake. Ruta ilikuwa imepangiwa kugawa anwani 50 tu, kila moja kwa siku nzima, hata mwenye simu akiwa amekwisha vuka mpaka. Simu zikahamishiwa mtandao wa wageni wenye muda wa saa moja, na kompyuta za kazi zikatengewa anwani zao. Foleni ya mchana ikaisha.

Jambo moja hatuwezi kulinyamazia. Mtu akichomeka ruta yake mwenyewe katika mtandao wa ofisi, hata kwa nia njema ya kuongeza Wi-Fi, ruta hiyo yaweza kuanza kugawa anwani zake. Wenyeviti wawili katika kijiji kimoja! Kompyuta zitakazomsikia mgeni kwanza zitapata nambari zisizofaa. Mwenye nia mbaya aweza hata kuzielekeza zipitishe mawasiliano yote kwake. Kwa ipconfig /all ofisa ataona anwani ya kifaa kilichomgawia. Ikiwa si ya ruta ya ofisi, achomoe kile kifaa kigeni, akihifadhi, na kutoa taarifa, kwa kuwa kuingilia kompyuta bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011.

Nawe uliye kwenye foleni, mnaruhusiwa kumwuliza ofisa kwa heshima kama ameitazama anwani ya kompyuta. Maelezo yako yaweza kuandikwa kwa kalamu katika daftari wakati ukingoja. Ada halali hulipwa kwa risiti, na hakuna ada ya kurudisha mtandao. Ukidaiwa, andika jina la ofisi, siku na saa, kisha ulete taarifa kwa ofisa wa uhusiano wa polisi na jamii aliye karibu nawe.