Theluji Ina Saa Zake

Mwaka 1912 wapanda milima wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kisha wakawa wa kwanza kuteremka mlima huo kwa ski, zile mbao ndefu nyembamba za kutelezea kwenye theluji. Ilikuwa imepita miaka 23 tu tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wawe wa kwanza kukanyaga kilele hicho, mwaka 1889. Kwa mteremkaji wa ski, mlima ule ulikuwa mpya kabisa. Mtu anayeingia mahali kama hapo asubuhi hukutana na nini chini ya miguu yake?

Hukutana na theluji za aina nyingi katika mteremko mmoja. Msukuma mkokoteni wa Kariakoo atalielewa jambo hili upesi. Asubuhi baada ya mvua, akitoka kwenye lami ya Mtaa wa Msimbazi na kuingia mitaa ya ndani, gurudumu hupita pakavu, kisha dimbwini, kisha kwenye tope, na kila mahali hudai nguvu yake. Mteremkaji hupata mabadiliko hayohayo, ila yeye yuko kwenye kasi.

Theluji iliyoanguka usiku ni nyepesi, maana sehemu kubwa yake ni hewa. Meta moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu, ilhali barafu kamili hufikia kilo 917. Upepo ukiipiga, huvunja chembe zake, huzihamishia upande uliokingwa na kuzishindilia pamoja. Hapo hutokea gamba gumu juu ya theluji laini: ski huelea kidogo, mara gamba linapasuka na miguu inazama. Jua nalo huyeyusha uso mchana, baridi ya usiku ikaugandisha. Alfajiri uso huo ni mgumu na mtelezi, na ski hushika kwa kingo zake za chuma pekee. Jua likipanda, punje za juu hulegea na mteremko huwa mtamu kwa muda mfupi. Likizidi, theluji hujaa maji na kuivuta ski chini.

Maji hayo hayo, yakiwa machache, ndiyo yanayosaidia ski kuteleza. Msuguano huzaa joto, na joto huacha utando mwembamba mno wa maji kati ya ski na theluji. Kwenye baridi kali, karibu nyuzi 30 chini ya sifuri, utando huo karibu haupo, na ski hukwaruza. Yakizidi maji, ski hunata.

Ndiyo maana katika milima yenye viwanja vya ski, kama ile ya Alps, sehemu mpya haifunguliwi kwa sababu tu theluji imeanguka. Walinzi wa mlima hutangulia. Hukagua mwamba uliofichika na matabaka yasiyoshikana, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambako maporomoko ya theluji hutokea zaidi. Mara nyingine huyaangusha kwa baruti kabla mtu hajapita. Hata hivyo, kufunguliwa kwa mteremko ni ruhusa tu ya kuingia. Kivulini panaweza kuwa na unga laini, na hatua chache mbele, palipopigwa na jua la jana, pakawa na barafu. Mteremkaji mzuri hutazama mbele, hubadilisha uzito wa mwili mapema, na halazimishi kona pale gamba lisipomruhusu.

Watanzania wanaofanya kazi Kilimanjaro wanaijua kanuni hii bila ski. Waongozaji huwaamsha wageni usiku wa manane ili wafike kileleni, meta 5,895, jua linapochomoza. Sababu moja ni kwamba changarawe iliyoganda usiku hukanyagika vizuri. Mchana hulegea, na kila hatua hurudi nyuma. Huko ni kuusoma mlima kwa saa, sawa na afanyavyo mteremkaji wa ski.

Ila mlima wenyewe umebadilika. Kati ya 1912, mwaka ule ule wa ski za kwanza, na 2007, takriban asilimia 85 ya eneo la barafu la Kilimanjaro lilitoweka. Si yote iliyoyeyuka: katika hewa kavu na jua kali la Ikweta, sehemu ya barafu hugeuka mvuke bila kupitia maji. Barafu iliyopewa jina la Furtwängler nayo imepungua sana na kugawanyika.

Kwa hiyo elimu ya theluji si anasa ya nchi za baridi. Ni elimu ya mlima wetu, na inastahili kufundishwa shuleni Dar es Salaam kama inavyofundishwa kwenye Alps. Mwanafunzi aanze na maswali matatu mbele ya kila uso mweupe: jua limeupiga saa ngapi, upepo umetoka upande gani, na baridi ya usiku ilifika wapi? Majibu hayo humwambia kilicho chini ya uso kabla hajaukanyaga.