Malaika na Masizi: Utangulizi wa Utoto katika Ushairi wa Kiingereza

Kama ulisoma Ngara au Biharamulo, huenda uliambiwa darasani kwamba mashairi ya Kiingereza yanausifu utoto, basi. Nakuomba uyaanze upya pamoja nami. Kikwazo chetu cha kwanza ni neno innocence. Kamusi hutupa "kutokuwa na hatia", na hilo ni neno la mahakamani. Mimi nalipenda lile la nyumbani: mtoto mchanga tunamwita malaika.

William Blake wa London alitoa Songs of Innocence mwaka 1789, kisha mwaka 1794 akaiambatanisha na mashairi ya machungu ya ukubwani. Zama zake wazazi maskini waliwauza watoto kwa wasafisha dohani, nao watoto wakipanda ndani ya matundu membamba yaliyojaa masizi. Sheria ya 1788 ilikataza kuwatumia walio chini ya miaka 8, lakini haikufuatwa. Sasa tazama: katika mashairi yale ya mwanzo karibu kila mtoto ana mtu wake, awe mama, yaya au mchungaji. Katika yale ya baadaye mtu huyo ameondoka, au amebadilika moyo. Ninavyomsoma Blake, utoto hudumu maadamu yupo anayekuangalia, hata ukiwa umeshayajua mengi.

Ngara mnalijua hili kuliko maprofesa. Mtoto anayechunga mbuzi au kupandisha dumu la maji kutoka bondeni bado ni mtoto, kwa kuwa jioni kuna anayemsubiri. Lakini mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 waliokimbia Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa siku moja tu, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikapokea watoto waliopotezana na wazazi, wengine wakilea wadogo zao. Hao walikua usiku mmoja.

William Wordsworth naye alifiwa na mama kabla hajatimiza miaka 8, na baba akiwa na 13. Utenzi wake mkuu wa utoto, uliochapishwa mwaka 1807, usome ukilikumbuka hilo.

Mwaka 1880 Gerard Manley Hopkins alimwandika binti mdogo anayelilia majani yanayopukutika. Kwetu mgomba haupukutishi, majani yake hukauka yakining'inia. Ila miombo ya Biharamulo hupukutisha kiangazi, kisha huchipua majani mekundu kabla ya mvua. Binti huyo analilia nini, basi? Anza na shairi hilo. Ni fupi, lisome kwa sauti.