Ng'ombe wa Kihambani: Ufugaji wa Maziwa kwa Wachaga wa Kilimanjaro

Ng'ombe wa Mchaga wa mlimani hachungwi. Huletewa majani bandani, hunyweshwa humo humo, hukamuliwa humo, na samadi yake huzolewa kupelekwa kwenye migomba. Desturi hii ni kongwe kuliko ng'ombe wa kisasa walioenea Machame, Kibosho, Marangu na Rombo. Ndiyo pia iliyorahisisha kazi ufugaji wa maziwa ulipoanza kukua kwenye miteremko ya Kilimanjaro: mnyama alikuwa mgeni, lakini malezi yake yalikuwa ya nyumbani.

Kihamba ni shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Migomba hutoa kivuli, kahawa hukaa chini yake, na chini zaidi hupandwa magimbi na maharage. Mpaka wa jirani na jirani huoneshwa kwa mimea ya masale. Mtoto wa kwanza na wa mwisho wa kiume ndio wenye haki kubwa zaidi ya urithi, na kwa kugawanywa kizazi hadi kizazi vihamba vingi vimebaki vidogo mno. Mahali pa kulishia kundi hapapo. Zamani palikuwa na sababu nyingine ya kumfungia ng'ombe: watu wa umangi mmoja, yaani eneo la chifu mmoja, walikuwa wakiwavamia wa umangi mwingine na kuswaga mifugo yao. Kwa hiyo ng'ombe alilala ndani ya msonge pamoja na wenye nyumba, akitenganishwa nao kwa nguzo tu, na joto lake likawafaa watu katika usiku wa baridi ya mlimani.

Kumlisha mnyama aliyefungwa ni kazi nzito, na kwa mila kazi hiyo ni ya wanawake. Nyumbani kuna majani ya migomba na vigogo vyake, vinavyokatwakatwa kwa panga na kuwekwa horini. Lakini nyasi hufuatwa chini, kwenye mashamba ya tambarare, mwendo wa saa kadhaa kwenda na kurudi. Mwanamke hukata kwa mundu, hufunga mzigo kwa kamba ya mgomba, hukunja ngata ya majani makavu, kisha mwenzake humtwisha. Kinachofuata ni kupanda mlima na mzigo unaomfunika hadi mabegani. Hakuna maelezo ya maziwa ya Kilimanjaro yatakayokuwa kamili yasipoutaja mzigo huo.

Pengine kwa sababu hiyo, maziwa nayo yalihesabiwa kuwa ya mama. Mwanamume alikuwa na kauli juu ya ng'ombe mwenyewe, ndama na nyama. Mwanamke ndiye aliyejua maziwa yametoka kiasi gani na yanakwenda wapi. Ng'ombe wa kienyeji hakutoa zaidi ya lita moja au mbili kwa siku. Ziliwatosha watoto na mwanamke aliyejifungua, na kilichozidi kiligandishwa kwenye kibuyu.

Desturi nyingine iliyotangulia ni kuwekesha ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwarundika kwake; alimpa huyu mmoja na yule mmoja, jamaa au jirani. Mlishaji alipata maziwa na samadi, ndama wakabaki wa mwenye mali, na siku ya kuchinja mlishaji alikuwa na fungu lake la nyama. Tajiri aliepuka hasara ya ugonjwa kumaliza ng'ombe wote kwa pamoja, na pia aliuficha utajiri wake machoni pa watu. Maskini naye alipata mbolea ya migomba yake.

Ng'ombe wa Ulaya, kama Friziani na Ayrshire, waliletwa na walowezi na wamisionari wakati wa ukoloni. Kwa wakulima wadogo walienea zaidi baada ya uhuru, hasa kwa njia ya chotara, waliotokana na madume bora na uhimilishaji unaotegemea mbegu za kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Kahawa ilichangia kwa namna mbili: ilipolipa, fedha yake ilinunua mitamba; bei ilipoporomoka baada ya mfumo wa kimataifa wa mgao wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, kaya nyingi ziliyageukia maziwa. Tofauti haikuwa ya bei tu. Kahawa ilivunwa kwa msimu na fedha yake ilishikwa na baba. Maziwa yaliuzwa kila siku, na muuzaji alikuwa mama.

Mwaka 1988 wanawake wa Nronga, kijiji cha Machame wilayani Hai, walianzisha ushirika wao wa maziwa. Walikusanya pamoja kile ambacho kila mmoja alikuwa akihangaika nacho peke yake. Katika vituo vya namna hiyo foleni huanza alfajiri. Mpokeaji huchanganya maziwa kidogo na spiriti: yakikatika, yanarudishwa. Kisha hutumbukiza kipimo cha kioo; kikizama kupita kiasi, maziwa yametiwa maji, na aibu yake ni kubwa kwa kuwa wanaotazama ni majirani.

Kwa wasio na fedha ya mtamba, mashirika na makanisa yalileta mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Anayepewa mtamba hulipa kwa kutoa ndama jike kwa kaya nyingine. Kwa Mchaga aliyezoea kuwekesha ng'ombe, mapatano haya hayakuhitaji maelezo marefu.

Gharama ya ng'ombe wa kisasa ni kubwa vilevile. Ng'ombe chotara hula kilo 40 hadi 50 za majani mabichi kwa siku, wala hastahimili ugonjwa wa ndigana kali kama wa kienyeji. Homa ya matiti ikimpata, maziwa ya kiwele kizima huweza kumwagwa. Kingo za mashamba sasa zimepandwa mabingobingo na majani ya guatemala, na kiangazi malori hupandisha mabua ya mahindi kutoka tambarare. Panapopita gari, kichwa cha mwanamke kimepumzika. Kwenye vijia vya ndani mzigo ungali kichwani.

Vijana wengi wameondoka kwenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam, na mabanda yamebaki mikononi mwa wazee. Aliyeishiwa nguvu za kukata majani humpeleka ng'ombe wake kwa jirani, Friziani badala ya yule wa kienyeji wa zamani: maziwa na samadi kwa mlishaji, ndama kwa mwenyewe.