Viti vya henzerani: hesabu matundu kabla ya kutaja bei

Kiti cha zamani ambacho kikalio chake cha henzerani kimetoboka huuzwa mnadani kwa bei ya kutupa. Wauzaji wengi hukiona ni kuni tu. Hapo ndipo penye faida kwa mfanyabiashara wa samani kuukuu, na hapo hapo ndipo wengi wanapozamisha mtaji, kwa sababu hununua mbao bila kupiga hesabu ya mikono itakayokiwamba upya.

Jambo la kwanza ni kukipindua kiti na kutazama chini yake. Fremu ikiwa na mfereji mwembamba juu, kuzunguka kikalio, hiyo ni henzerani iliyosukwa kiwandani kama jamvi na kubanwa mferejini kwa gundi. Fundi huchokoa utepe wa zamani kwa patasi, huloweka jamvi jipya, hulibana na kuliacha likauke. Kazi yake si kubwa.

Fremu ikiwa na matundu madogo yaliyotoboka mpaka chini, hesabu hubadilika kabisa. Hiyo imewambwa kwa mkono, uzi kwa uzi. Hupigwa mtande, kisha mshindio, kisha mtande wa pili na mshindio wa pili unaosukwa kati ya nyuzi za awali, halafu nyuzi mbili za mshazari zinazopishana, na mwisho pindo la kufunika matundu. Ni hatua saba, na karibu kila hatua hupita kwenye matundu yote. Henzerani husukwa ikiwa na unyevu. Ikikauka hujikaza yenyewe. Ndiyo maana mafundi wengi wa Ulaya na Marekani hawatozi kwa kiti bali kwa tundu.

Chukua kiti cha chakula chenye matundu 72. Fundi mzoefu anaweza kukimaliza kwa saa 10 hadi 15. Bunda la futi 1,000 hutosha viti vitatu au vinne, kwa hiyo kinachokula fedha hasa ni ujira. Seti ya viti sita ni saa 60 hadi 90, yaani siku nane hadi kumi na moja za kazi kwa fundi mmoja, na muda wote huo fedha imelala. Aliyenunua kwa mkopo aiweke riba katika hesabu hiyo. Mwenye mtaji mdogo ni afadhali aanze na viti vya mfereji.

Malighafi nayo ina mashaka yake. Henzerani ni ganda la nje la mmea utambaao wa jamii ya mitende, na sehemu kubwa ya mazao ya dunia hutoka Indonesia. Mwaka 2011 serikali ya nchi hiyo ilitoa amri, iliyoanza kazi Januari 2012, ya kuzuia kuuza nje henzerani ghafi ili viwanda vya ndani vipate kazi. Mwagizaji asitegemee chanzo kimoja.

Wapo wanaokwepa gharama kwa kupigilia plaiwudi na sponji juu ya fremu. Huo ni uharibifu wa mali. Misumari hupasua mbao kwenye mstari wa matundu, na fremu iliyopasuka hapo haibebi tena mvuto wa henzerani. Kabla ya hapo, atazame kama kuna chapa upande wa ndani wa fremu: viti vya mbao iliyopindwa kwa mvuke vya Thonet wa Vienna, ambaye mwaka 1859 alitoa kiti namba 14 kilichofungashwa 36 katika sanduku la mita moja ya ujazo, vina wateja wao.

Kiti cha enzi cha Lamu au Zanzibar ni bidhaa nyingine. Chenyewe huwambwa kwa uzi, si kwa henzerani, na anayekibadilisha hukishusha thamani mbele ya mnunuzi anayekijua. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na hakisafirishwi nje bila kibali. Mwenye mteja ng'ambo atafute kibali hicho kwanza, kabla ya kupokea malipo ya awali.